MBAO ZETU ZIPIMWE BILA KUKATWA

Na mwanachama wa chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Kabla sijaanza, naomba radhi kwa wale waliotarajia kwamba ukurasa huu wa maoni utakuwa wa mapenzi, wa mavazi au wa dawa za kulevya, kama ilivyo ada yetu kila mwaka. Mimi nitazungumza juu ya mbao. Naam, mbao! Usigeuze ukurasa bado. Ukimaliza kusoma utaona kwamba jambo hili linagusa dawati unalokalia, kitanda unacholalia na pengine hata karo yako, kama lilivyogusa yangu.

Baba yangu ni fundi seremala. Kibanda chake kiko Gikomba, upande wa mbao, kule ambako ukipita asubuhi unalakiwa na kelele za misumeno na harufu ya vumbi la sipresi. Jumamosi nisipokuwa na masomo ya ziada, huteremka kwa miguu kutoka mtaani kwetu Makadara, nikaifuata Jogoo Road hadi Burma, kisha nikakata kuelekea Gikomba kwenda kumsaidia kupiga msasa. Kwa hivyo nisemayo hapa sikuyaota. Mikono yangu ina sugu za ushahidi.

Mwaka jana, muhula wa kwanza, mteja mmoja kutoka Buru Buru alimwagizia baba kabati la nguo, kitanda na meza ya kujipambia. Ilikuwa kazi kubwa, na alitoa malipo ya kwanza papo hapo. Baba akaenda yadi akanunua mbao. Mwenye yadi aliapa kwa jina la mamake kwamba mbao zile zilikuwa kavu. Baba naye hakununua kama kipofu. Alizipima vile alivyofunzwa na fundi aliyemfunza: aliinua ubao akausikia uzito wake, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akauweka shavuni aone kama una baridi ya maji. Aliporidhika akalipa. Kazi ilitoka safi, ikapigwa vanishi mpaka ukajiona uso. Mkokoteni ukaipeleka Buru Buru, na usiku huo tulikula nyama.

Lo! Haikutimia miezi mitatu. Milango ya kabati ilikataa kufunga. Droo zilikwama, ukivuta unabaki na kishikio mkononi. Ubao wa ubavuni ulipasuka kutoka juu hadi chini, na ubavu wa kitanda ukajipinda kama nyoka aliyekanyagwa. Mteja alivirudisha vyote kwa pikapu, akavishusha mbele ya kibanda, akamwita baba mwizi mbele ya mafundi wenzake na mbele yangu. Baba hakujibu. Alikwenda kwa mwenye yadi, na yule mzee akamwambia kwa upole, "Fundi, mbao zilitoka hapa zikiwa kavu. Labda uliziacha kwa mvua." Sasa ungesema nini? Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na kipimo, hakukuwa na shahidi. Kulikuwa na neno la fundi dhidi ya neno la tajiri, na nyote mnajua neno la nani huwa zito.

Baba alirudisha nusu ya pesa na kuifanya kazi upya kwa mbao nyingine. Pesa hizo zilitoka wapi? Zilitoka kwenye karo yangu ya muhula wa pili. Nilikaa nyumbani siku tisa. Kama hujawahi kukaa mtaani saa nne asubuhi ukiwa na sare, watoto wadogo wakikuuliza kwa nini hauendi shule, basi shukuru Mungu.

Katika siku hizo tisa nilijiuliza swali moja: kosa lilikuwa la nani? La baba? La mwenye yadi? La mteja asiye na subira? Niliporudi shuleni nikamuuliza mwalimu wetu wa Fizikia. Alinijibu kwa ufupi, "Kosa lilikuwa la maji." Kisha akanieleza mambo ambayo yamenifanya niandike makala haya.

Mti ulio hai umejaa maji. Mengine yamo katika vitundu vya seli zake, kama maji ndani ya mrija, na mengine yameshikwa ndani ya kuta zenyewe za seli. Ubao unapokauka, yale ya vitunduni hutoka kwanza, na umbo la ubao halibadiliki. Lakini unyevu ukishuka chini ya asilimia 30 hivi, kuta zenyewe ndizo huanza kutoa maji, na hapo ubao husinyaa. Husinyaa sana kwa upana na kidogo mno kwa urefu. Tena hausinyai sawasawa: kwa kuufuata mviringo wa pete za mti, ubao husinyaa karibu mara mbili ya vile unavyosinyaa kutoka kiini kwenda ganda. Ndiyo sababu hujikunja kama chapati iliyosahauliwa kwenye sahani.

Katika nyumba ya kawaida hapa Nairobi, ubao hutulia unapofika unyevu wa asilimia 12 au 13 hivi. Fundi akiunga kabati kwa mbao zenye asilimia 40, kabati hilo litaendelea kukauka sebuleni mwa mteja, na litajikunja humo humo. Gundi haiwezi kulizuia. Misumari haiwezi. Hata sala haiwezi.

Sikuridhika kusikia tu. Nilichukua ubao mmoja wa sipresi ambao baba aliuziwa juzi kwa jina la "kavu". Ukiugusa nje, kweli ulikuwa mkavu. Nikakata kipande kutoka katikati yake, nikakileta shuleni. Mwalimu akaturuhusu kutumia mizani na tanuri ndogo ya maabara. Kipande kilikuwa na gramu 236. Tulikiweka kwa nyuzi 103 za Selsiasi, tukawa tunakipima mpaka uzito ukaacha kupungua. Kiliishia gramu 164. Maji yaliyotoka ni gramu 72. Ukigawa 72 kwa 164, ukazidisha kwa 100, unapata 44. Asilimia arobaini na nne! Ubao mkavu nje, bahari ndani.

Nilifurahi kama mtu aliyemkamata mwizi. Lakini nilipomwonyesha baba, aliutazama ubao uliobaki akasema, "Sasa huu nitaufanyia nini? Umeukata katikati." Furaha yangu ikayeyuka. Alisema kweli. Ili kujua kama ubao unafaa, ilinibidi niuharibu. Ni kama kumchinja kuku ili ujue kama ana yai. Utajua, ndiyo, lakini kuku huna tena. Tena nilijua habari za ubao ule mmoja tu. Wenzake arobaini waliobaki yadini kila mmoja alikuwa na siri yake.

Hapa ndipo hoja yangu inapoanza. Mbao zinazouzwa mitaani kwetu zinafaa kupimwa bila kukatwa, kabla hazijalipiwa, na kipimo kiandikwe kwenye risiti. Njia za kufanya hivyo zipo.

Njia ya kwanza ni ya mzee: mkono, sikio na shavu. Siidharau. Hata fundi wa stima, kabla hajapanda nguzo ya mti, huigonga kwa nyundo asikie kama imeoza ndani. Njia hii haina gharama, ila ina kasoro moja: mkono unagusa ngozi ya ubao, na maji yako ndani.

Njia ya pili ni kifaa kidogo cha mkononi chenye sindano mbili. Unazichoma kwenye ubao, umeme mdogo unapita kati yake, na kwa kuwa ubao mbichi hupitisha umeme vizuri kuliko mkavu, kifaa kinakuonyesha asilimia ya unyevu. Si ghali kama watu wanavyodhani, ni rahisi kuliko randa ya umeme. Kasoro yake ni kwamba husoma mpaka pale sindano zilipofika tu, na huacha vitundu viwili. Kwa meza ya mteja wa Buru Buru, vitundu hivyo utavieleza mwenyewe.

Njia ya tatu ndiyo iliyonikosesha usingizi. Ni kupima kwa mawimbi ya maikrowevu. Najua wengi mkisikia maikrowevu mnafikiria lile jiko la kupashia chakula ambalo mnaliona kwenye filamu na katika nyumba za wenye nazo. Hamjakosea, ni mawimbi ya aina ile ile.

Molekuli ya maji ina upande mmoja wenye chaji chanya kidogo na mwingine wenye chaji hasi kidogo. Wimbi la maikrowevu likipita, molekuli hizo hujaribu kugeukageuka kulifuata, na katika kugeuka huko hulinyang'anya wimbi nguvu na kulichelewesha. Katika jiko la maikrowevu mawimbi hutikisika mara 2,450,000,000 kwa sekunde moja, na urefu wa wimbi ni sentimita 12 hivi. Wanasayansi wana namba ya kuonyesha jinsi kitu kinavyoitikia umeme wa wimbi. Ya maji ni karibu 80. Ya ubao mkavu kabisa ni 2 hivi. Hebu linganisha mwenyewe, themanini kwa mbili! Kwa wimbi la maikrowevu, maji ndani ya ubao yanaonekana kama mtu aliyevaa nyeupe usiku wa giza.

Basi upande mmoja wa ubao huwekwa kifaa cha kutuma wimbi, na upande wa pili kifaa cha kulipokea. Ubao unapita katikati. Kifaa huuliza maswali matatu. Wimbi limepoteza nguvu kiasi gani? Limechelewa kiasi gani? Limegeuzwa upande kiasi gani? Majibu ya maswali mawili ya kwanza yakiunganishwa huonyesha unyevu na pia msongamano wa ubao, yaani uzito wake kwa ujazo wake. Jibu la tatu huonyesha mwelekeo wa nyuzi, kwa sababu wimbi likitikisika sambamba na nyuzi huathiriwa zaidi kuliko likizikingama. Na pale penye fundo la tawi, nyuzi hupinda na msongamano hubadilika, kwa hivyo fundo nalo hujitoa lenyewe. Unyevu, uzito, nyuzi, mafundo: yote manne bila kuukata ubao wala kuutoboa. Nguvu inayotumika ni ndogo mno, haiupashi ubao moto. Mwaka 1985 watafiti wa Maabara ya Mazao ya Misitu ya Madison, jimbo la Wisconsin, Marekani, walichapisha njia ya kupima unyevu, msongamano na mwelekeo wa nyuzi kwa pamoja kwa kutumia mawimbi haya. Tangu hapo ni miaka arobaini na ushei, na sisi Gikomba bado tunaweka mbao shavuni.

Sasa nisikilize hoja za wanaonipinga, kwa maana nilipolisema jambo hili katika mkutano wa chama chetu nilizomewa kidogo.

Mmoja alisema, "Hayo ni mambo ya Wazungu." Nikamwuliza kama amewahi kusikia habari za boriti za mikoko. Watu wa pwani, kule Lamu na kwingineko, tangu zamani waliuza miti ya mikoko kwa korija, yaani ishirini ishirini, na waliipanga kwa unene kila mmoja na jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Hakuna aliyekwenda kuezeka dari kwa fito akisingizia kwamba hakujua. Upana wa vyumba vya nyumba za mawe za Lamu ulitegemea urefu ambao boriti iliweza kubeba. Hiyo ni nini kama si elimu ya kupima mti kabla ya kuutumia? Kupima mbao ni desturi yetu. Kilichobadilika ni chombo.

Tena hao waliogundua matumizi ya maikrowevu hawakuwa malaika. Percy Spencer, yule Mmarekani wa kampuni ya Raytheon aliyegundua mwaka 1945 kwamba mawimbi ya rada yaliyeyusha peremende ya chokoleti mfukoni mwake, alikuwa hakumaliza hata masomo ya shule. Alijifunzia kazini. Kwa lugha yetu angeitwa jua kali.

Wa pili alisema kwamba mashine itaua ujuzi wa fundi. Hili lilinichoma kwa sababu baba mwenyewe alilisema. Nilipomweleza habari za maikrowevu, aliweka randa chini akaniuliza, "Mama, hiyo mashine yako imewahi kutengeneza kitanda?"

Nikamjibu, "Hapana, Baba. Lakini siku ile ingekusemea mbele ya yule mzee wa yadi."

Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hapo sasa umesema."

Ndivyo ninavyoona mimi. Kifaa hakimfundishi fundi kuunga wala kuranda. Ni shahidi wake tu. Tajiri ana wakili, ana marafiki, ana sauti. Mnyonge akiwa na namba iliyoandikwa kwenye risiti, "unyevu asilimia 14", naye ana kitu cha kushika. Na siku ambayo kosa ni lake kweli, namba hiyo hiyo itamhukumu. Hilo pia ni sawa.

Wa tatu alizungumzia bei, na hapa nakubali kwamba ana haki. Mashine kamili ya maikrowevu, ile ya kupitisha mbao moja baada ya nyingine, ni ya viwanda vikubwa. Baba hawezi kuinunua hata auze kibanda. Lakini nani alisema kila fundi awe na yake? Je, kila mwenye ng'ombe ana dipu? Sokoni wenye biashara wana vyama vyao. Vyama vianze na kile kifaa cha sindano, kimoja kwa safu nzima ya vibanda. Kisha serikali ya kaunti au chuo cha ufundi kiweke mashine moja ya maikrowevu karibu na soko, fundi alipe kidogo kwa kila ubao, kama vile tunavyolipa kuranda kwa mashine. Kwani mashine ya kuranda si iko? Na ilipokuja si watu walisema itawanyima kazi?

Wa nne alisema wenye yadi hawatakubali. Hebu tuwe wakweli, wenye yadi nao wana shida zao. Mbao za inchi moja zikianikwa vizuri kivulini, zikiwa zimetenganishwa kwa vijiti, huchukua wiki nyingi hata miezi kukauka. Ni pesa zilizolala. Na Gikomba nani anataka kulaza pesa? Tarehe 28 Juni 2018 moto ulizuka usiku sokoni humo ukaua watu wasiopungua 15 na kuteketeza mali ya wengi, na huo haukuwa moto wa kwanza wala wa mwisho. Mtu aliyewahi kuona yadi ikigeuka majivu huuza haraka. Isitoshe, Februari 2018 serikali ilipiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma, na ni Julai 2023 Rais alipotangaza kuiondoa marufuku hiyo. Miaka hiyo yote mbao zilitafutwa mashambani kwa watu na nje ya nchi, na palipo na uhaba mtu huuza alichonacho, kibichi au kikavu.

Lakini tazama jinsi mambo yalivyo sasa. Mbao huuzwa kwa futi. Unaagiza sita kwa moja au nne kwa mbili, unahesabiwa futi, unalipa. Ubao uliokatwa juzi na ubao uliongoja miezi mitatu, mara nyingi mnunuzi asiyejua hutajiwa bei ile ile. Basi yule mwenye yadi mwaminifu aliyengoja anapata faida gani? Hapati. Anapunjwa sawa na mnunuzi. Kukiwa na kipimo, atauza zake ghali kidogo na watu watalipa kwa furaha, na yule mwenye mbao mbichi atauza kwa bei ya mbichi, kwa wenye kazi za mbichi. Haki itamfaidi muuzaji mzuri kwanza.

Nisidanganye kwamba kifaa hiki hakina udhaifu. Kwanza, chuma humrudisha wimbi alikotoka, kwa hivyo zile mbao za mjengo zilizojaa misumari iliyovunjikia ndani, ambazo sisi watu wa Eastlands tunazipenda kwa urahisi wa bei, zitaichanganya mashine. Pili, joto la ubao hubadilisha vipimo. Tatu, na hili ndilo kubwa, kila mti una tabia yake. Kifaa kilichotengenezewa miti ya Ulaya au Marekani hakiwezi kusoma sipresi ya Kenya, mkaratusi au mukima bila kusahihishwa. Lazima mtu akae, akate vipande vya miti yetu, avipime kwa kifaa, avikaushe kwenye tanuri kama tulivyofanya sisi, alinganishe namba, kisha aandike jedwali.

Mtu huyo tunaye. Taasisi ya Utafiti wa Misitu ya Kenya, KEFRI, iliundwa mwaka 1986, makao yake makuu yako Muguga, na kituo chake cha utafiti wa mazao ya misitu kiko Karura, hapa hapa Nairobi. Ombi langu kwao ni dogo: majedwali ya miti yetu yaandikwe kwa Kiswahili, kwenye karatasi moja ambayo fundi anaweza kuibandika ukutani mwa kibanda. Fundi wa Gikomba hatasafiri hadi maktaba ya Muguga. Karatasi ndiyo isafiri.

Na hapo najibu wale walioniuliza, "Mbona mambo ya Fizikia yako ndani ya jarida la Kiswahili?" Ni kwa sababu Fizikia tunafundishwa kwa Kiingereza, tunaiandika kwenye mtihani kwa Kiingereza, kisha tunarudi nyumbani tukiwa mabubu. Siku ya kwanza nilipojaribu kumweleza baba jambo hili nilikwama. Nilikuwa na maneno ya kupata alama, sikuwa na maneno ya kumsaidia mzazi wangu. Ilinibidi nikae chini nitafute: unyevu, msongamano, nyuzi, kusinyaa, wimbi, kuchelewa. Maneno yote yalikuwapo. Ni sisi ambao hatukuwa tumeyapa kazi. Chama cha Kiswahili kama kazi yake ni methali na mashairi tu, basi kimefanya nusu ya kazi.

Mwisho, asidhani mtu kwamba hili ni la makabati pekee. Tarehe 23 Septemba 2019 darasa la ghorofa lililojengwa kwa kuungaunga liliporomoka katika shule moja ya msingi huko Ng'ando, Dagoretti, na wanafunzi 8 wakafa. Walikuwa watoto wa rika langu wakati ule. Sisemi kipimo cha unyevu kingewaokoa, la hasha. Huo ulikuwa ujenzi mbaya toka msingi. Nasema tu kwamba tunayo tabia ya kungoja kitu kianguke ndipo tukipime. Kupima mtu akiwa amekwisha kufa si kupima, ni kuhesabu.

Basi napendekeza hivi. Klabu yetu ya Sayansi na chama chetu cha Kiswahili tushirikiane muhula ujao. Tukusanye vipande vya mbao kutoka kwa wazazi walio mafundi, na tunao wengi hapa shuleni, kutoka Kariobangi, Kayole, Shauri Moyo na Gikomba. Tuvipime kwa mizani na tanuri, tuandike matokeo kwa Kiswahili, tuyapeleke kwa mafundi wenyewe. Hatuna maikrowevu, ni kweli. Lakini fundi akishaona kwa macho yake kwamba ubao ulioitwa mkavu una asilimia 44 ya maji, yeye mwenyewe atakwenda kudai kipimo. Na anayedai husikika kuliko anayelia.

Mteja wa Buru Buru alikwisha kupata kabati lake jipya, na mpaka leo milango inafunga vizuri. Baba sasa anazilaza mbao zake juu ya vijiti nyuma ya kibanda wiki kadhaa kabla ya kuzigusa, ingawa nafasi ni finyu na majirani wananung'unika. Lile kabati la kwanza tunalo nyumbani. Ndilo ninaloweka vitabu vyangu. Mlango mmoja haufungi kabisa, nimeufunga kwa kamba. Kila asubuhi nikiufungua nakumbuka kwamba lile kosa lingeonekana kwa sekunde moja, bila kuutia ubao hata alama.

Kalamu naiweka chini. Anayenipinga na aandike, jarida lina kurasa.